Shule si mahakama: mtoto anaposema ametendewa ukatili wa kingono

Tuhuma ya ukatili wa kingono ikifika ofisini kwa mkuu wa shule, mara nyingi mambo huenda hivi. Mtoto anaitwa na kuhojiwa mbele ya walimu wanne au watano. Mtuhumiwa anaitwa, anakana. Mzazi anaitwa, na mwenyekiti wa kamati ya shule anakuja naye. Yanasemwa maneno yanayofanana na hekima: tusichafue jina la shule, mitihani imekaribia, mwalimu ana familia, binti mwenyewe ataaibika. Jioni kila mtu anarudi kwake. Wiki mbili baadaye mwalimu amehamishwa, au familia imepewa fedha, au binti ameacha shule. Hakuna aliyetibiwa, hakuna aliyeshtakiwa, na hakuna hata karatasi moja inayoonyesha kwamba kulitokea jambo.

Kikao hicho ni kosa hata pale waliokaa wana nia njema, na makala haya yanaeleza kwa nini. Sheria tunazo, tena kali. Kinachowachanganya walimu na wazazi ni kwamba tukio moja hufungua njia tatu kwa wakati mmoja: afya na usalama wa mtoto, jinai, na nidhamu ya kazi. Kila njia ina wenyewe, na shule imepewa sehemu ndogo tu katika kila moja. Mwalimu ambaye hajawahi kuonyeshwa sehemu yake ni ipi ataishia kubeba yote au kuyatupa yote.

Sheria inasema nini

Nianze na neno linaloharibu mashauri mengi: "walikubaliana." Kwa mtoto wa shule aliye chini ya miaka 18, makubaliano hayo hayapo kisheria. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilipobadilisha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kumwingilia msichana wa umri huo ni kubaka hata kama alisema ndiyo, hata kama alipokea zawadi, hata kama barua za mapenzi zimejaa sanduku. Kwa mtu mzima, adhabu haipungui miaka 30 jela. Msichana akiwa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Kumlawiti mtoto chini ya miaka 18 nako ni kifungo cha maisha, na wenye wavulana naomba walisome hili mara mbili. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ikaongezewa kifungu: anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na miaka 30.

Lakini ukatili hauanzii kwenye kubaka. Mwalimu anayetania matiti ya wanafunzi darasani, mlinzi anayewapigia miluzi, kaka wa kidato cha juu anayewashika wadogo makalio kwenye foleni ya chakula, dereva wa basi la shule anayeomba namba za simu: haya ni unyanyasaji wa kijinsia, nao umo ndani ya Kanuni ya Adhabu. Mwalimu anayedai mwili ili atoe alama au nafasi anaangukia pia katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kwa hiyo rushwa ya ngono ni kazi ya TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, wala si ya Dawati la Jinsia la polisi peke yake. Kenya ilipitisha sheria yake ya makosa ya kingono mwaka 2006, na humo mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi kufanya naye ngono hapati chini ya miaka 10.

Naorodhesha adhabu hizi kwa sababu moja. Hakuna kosa la uzito huu ambalo kamati ya shule ina mamlaka ya kulimaliza kwa mbuzi na shilingi laki tatu. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kila mwanajamii: mpishi wa shule yumo, muuza maandazi getini yumo.

Dakika kumi za kwanza

Mtoto hachagui kumwambia mwenye cheo. Humwambia matroni anayegawa taulo za kike, au mwalimu wa michezo, au rafiki ambaye naye anamwambia mama yake. Huanza na kipande kidogo, anapima. "Madam, sitaki tena kwenda kwa sir." Hapo ndipo shauri zima linapopona au linapokufa, na kinachohitajika si shahada ya saikolojia.

Mkalishe mahali ambapo mnaonekana lakini hamsikiki. Msikilize bila kumkatiza. Mwambie: pole mwanangu, umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako. Usimuulize alikuwa amevaa nini, wala kwa nini hakupiga kelele, wala kwa nini amekaa kimya mpaka leo. Akikuomba usimwambie mtu, usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Mwambie ukweli: nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia, na kabla sijawaambia nitakwambia wewe kwanza. Ukishaelewa nani, wapi na lini, acha kuuliza. Undani wa tendo si kazi yako.

Kisha andika, siku hiyohiyo, kwa maneno yake mwenyewe. Akisema "alinishika huku" na kuonyesha kwa kidole, andika "alinishika huku" na uandike alionyesha wapi. Usigeuze iwe "alimpapasa sehemu za siri", kwa sababu hilo ni neno lako na mahakamani atakuja kuulizwa yeye. Weka tarehe, saa, jina lako na sahihi.

Karatasi hiyo ni ndogo, ila uzito wake ni mkubwa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasema zaidi ya mara moja kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo kunaongeza uaminifu wa ushahidi wake. Na hapa ndipo ubaya wa kile kikao cha ofisini unapoonekana wazi. Mtoto aliyehojiwa na matroni, halafu mkuu wa shule, halafu kamati, halafu mjomba, halafu polisi, atakuwa amesimulia mara tano, na hakuna binadamu anayesimulia jambo la kuumiza mara tano bila maneno kupishana. Wakili wa utetezi atauliza: kwa mkuu wa shule ulisema saa tisa, polisi ukasema saa kumi, uliongopa wapi? Shule iliyodhani inatafuta ukweli ndiyo inayokuwa imeuvuruga.

Kinachofuata kinategemea saa. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zikianzwa, hutumika siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafaa ndani ya siku tano, na mapema ni bora zaidi. Kama tukio ni la karibuni, mtoto asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizokuwa amevaa ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, na unyevu huozesha ushahidi.

Nchini Tanzania fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali ni PF3. Hospitali kadhaa zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja, ili mtoto asizungushwe kutoka kituo cha polisi hadi hospitali na kurudi na fomu mkononi. Amana jijini Dar es Salaam kipo, Mnazi Mmoja Zanzibar kipo. Mkuu wa shule ajue kilicho karibu naye kabla ya kukihitaji, na namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure kupiga Tanzania na Kenya, iandikwe ukutani mahali mtoto anaweza kuisoma bila kuulizwa anasoma nini. Kenya fomu ni mbili: ile ya huduma baada ya kubakwa, inayojazwa na mhudumu wa afya, na P3 ya polisi. Matibabu yaanze kwanza, karatasi zifuate.

Kuna hali moja ambapo utaratibu wa kawaida ni hatari, nayo ni pale anayetajwa yuko nyumbani: baba, baba wa kambo, mjomba. Shule iliyozoea kumwita mzazi kwanza itakuwa imempigia simu mtuhumiwa mwenyewe. Hapo anaitwa afisa ustawi wa jamii, na mtoto harudishwi nyumbani hadi huyo afike.

"Lakini hakuna shahidi"

Nimelisikia neno hili kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa viongozi wa mtaa, na limefunga mafaili mengi ambayo hayakufunguliwa hata ukurasa wa kwanza. Makosa haya hufanyika palipojificha, na sheria inalijua hilo. Katika shauri la Selemani Makumba, mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa kubakwa lazima utoke kwa aliyebakwa mwenyewe. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kutia hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Kenya nayo inaruhusu hivyo, hakimu akieleza sababu za kumwamini.

Kinachoangusha mashauri haya mara nyingi ni mambo ambayo mtu wa kawaida hawazii. Umri, kwa mfano. Sheria ikisema "chini ya miaka 18", upande wa mashtaka lazima uthibitishe umri, na watu wameachiwa huru katika rufaa kwa sababu hakuna aliyeuthibitisha. Shule ina rejesta ya uandikishaji. Nakala ya ukurasa mmoja, pamoja na ushahidi wa mzazi, inaweza kufanya kazi ambayo semina nzima haiwezi.

Na kama mtoto anasema uongo? Swali hili ni la haki, na walimu wana sababu ya kuliogopa. Tuhuma peke yake inaweza kumvunjia mtu heshima yake. Lakini jibu lake ndilo hoja yangu yote. Shule haina njia ya kupima nani mkweli. Haina daktari, haina mpelelezi, haina wakili wa kumtetea mtuhumiwa. Mwalimu asiye na hatia naye hatendewi haki na kikao cha ofisini, kwa sababu anaondoka pale akiwa na minong'ono mgongoni na hakuna hukumu ya kumsafisha. Mwajiri anachoweza kufanya mara moja, bila kumhukumu mtu, ni kumweka kando kupisha uchunguzi. Anayehama ni mtu mzima. Mtoto anabaki kwenye darasa lake.

Kumhamisha mwalimu ni kuhamisha hatari

Njia ya nidhamu haisubiri ile ya jinai. Mahakama inataka kosa lithibitishwe bila shaka ya msingi. Mwajiri anaangalia kama mwenendo huu unafaa kwa mtu anayekaa na watoto. Ndiyo maana mtu anaweza kufukuzwa kazi halali kabisa huku kesi yake ikiendelea. Kwa walimu wa serikali Tanzania mamlaka ni Tume ya Utumishi wa Walimu. Kenya ni TSC, tume ya walimu ya nchi hiyo, ambayo kwa waraka wake Namba 3 wa mwaka 2010 iliwaagiza walimu kutoa taarifa ndani ya saa 24 wanapojua au kushuku, na anayenyamaza naye anaadhibiwa. TSC hufuta majina ya waliopatikana na hatia kwenye orodha ya walimu na kuyatangaza hadharani, ili shule ya kaunti nyingine isiseme haikujua.

Waraka peke yake haukutosha. Mei 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alitoa hukumu katika shauri la wasichana wawili wa shule ya msingi huko Nakuru waliotendewa ukatili na naibu mwalimu mkuu wao. Aliwapa fidia ya jumla ya shilingi milioni tano za Kenya, na mzigo wa kulipa haukuishia kwa mwalimu: TSC na serikali nazo zilibeba. Jaji alisema wazi kwamba tume haiwezi kuwazungusha watu wa namna hii kutoka shule moja hadi nyingine na hatimaye kuridhika na kuwafukuza kazi. Ilipaswa kuwa na utaratibu wa kuhakikisha mtu wa namna hiyo hapati nafasi ya kuwafikia watoto, kwa kuwa kufukuzwa kwake, na hata kushtakiwa, hakumrudishii mtoto alichopoteza.

Miaka miwili kabla, Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imeamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana kadhaa kwa kutopeleleza ipasavyo malalamiko yao ya unajisi, yaani kuingiliwa wakiwa watoto. Ukiziweka hukumu hizi mbili pamoja, unaona kwamba kunyamaza kwa taasisi kunahesabika kuwa kosa la taasisi. Ningependa kila mmiliki wa shule binafsi wa Afrika Mashariki azisome kabla ya kumwajiri mwalimu wa kujitolea, mlinzi au dereva bila kupiga simu alikotoka.

Kuzuia kunaanza na kazi za jioni

Kinga ya shule nyingi ni hotuba ya mstarini: wasichana jitunzeni, vaeni sketi ndefu, msikubali chipsi za bodaboda. Hotuba hiyo inamkabidhi mtoto ulinzi wa nafsi yake dhidi ya watu wazima wenye fimbo, alama na fedha.

Tazameni kazi za shule badala yake. Mwanafunzi anayetumwa saa kumi jioni kupeleka madaftari nyumbani kwa mwalimu anayeishi peke yake amewekwa hatarini na shule yenyewe, hata kama mwalimu huyo ni mwema. Vivyo hivyo anayechota maji ya mwalimu, anayemfulia, anayebaki peke yake na mwalimu kwa tuisheni chumba kimefungwa. Shule inaweza kulimaliza hili kwa tangazo la mistari mitatu: mwanafunzi haendi nyumbani kwa mwalimu, tuisheni hufanyika darasani mlango ukiwa wazi, adhabu haitolewi faragha. Choo cha wasichana kiwe na komeo la ndani na kisiwe nyuma ya kichaka.

Halafu kuna njia ya kwenda na kurudi shule. Katika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Kati ya wasichana hao, karibu robo walitaja tukio la njiani kwenda au kutoka shule, na karibu nusu hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Anayezijua shule za kata anajua mageto: vyumba vya kupanga ambavyo binti wa kidato cha kwanza analala peke yake kwa sababu kwao ni mbali, huku mwenye nyumba na dereva wa bodaboda wakijua hana mtu wa kumuuliza amerudi saa ngapi. Bweni ni kinga ya kweli kwa mtoto huyo, mradi lina matroni wa kutosha, na katika bweni la wavulana wa vidato vya juu hawalali na wadogo bila mtu mzima.

Bweni lisilolindwa ni janga. Usiku wa Julai 13, 1991, katika Shule ya Sekondari ya St. Kizito huko Meru, Kenya, wavulana walivamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Waliofanya hivyo walikuwa wanafunzi wenzao. Mwanafunzi kumwonea mwanafunzi mwenzake si "utoto", na shule inayocheka utani wa kushikana makalio kwenye foleni inawafundisha wavulana kwamba mwili wa mwenzao hauna mwenyewe.

Tanzania sasa inaanzisha madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto ndani na nje ya shule. Ni hatua nzuri, ila dawati linaishi kwa mambo madogo. Sanduku la maoni lililotundikwa nje ya ofisi ya walimu, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mkuu wa shule, halitapokea barua inayomhusu mkuu wa shule. Liwekwe mahali ambapo mtoto hupita bila kutazamwa, lifunguliwe na watu wawili, mmoja wao atoke nje ya shule. Mwalimu mnasihi achaguliwe na wanafunzi wenyewe kwa kura ya siri. Wanajua nani anasikiliza. Na shule ambayo mtoto huchapwa kwa kuchelewa kusema jambo isishangae kwamba hasemi.

Baada ya hapo

Kwa miaka mingi Tanzania Bara, binti aliyepata mimba alifukuzwa shule, hata kama mimba ilitokana na kubakwa. Sera hiyo ilimlinda mbakaji kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa binti aliyejua kwamba kusema ni kupoteza shule alijifunga tumbo na kunyamaza. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ulifungua mlango wa kurudi. Kenya ilikuwa na mwongozo wa kuwarudisha tangu mwaka 1994. Lakini waraka haumkalishi mtu kitini. Shule inapaswa kuamua nani anakaa naye, nani anajua habari zake na nani hapaswi kuzijua, na nani anayekomesha jina la utani siku ya kwanza linapotamkwa.

Inabaki kesi yenyewe, inayoweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Huahirishwa, shahidi anaitwa tena, nauli inaisha, mzazi anachoka, na siku moja mtoto hatokei mahakamani. Mkuu wa shule anaweza kuweka namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikwa polisi, na tarehe ya kesi kwenye faili lake, kumpigia mpelelezi kila mwezi kuuliza jalada limefika wapi, kumpa mtoto ruhusa ya maandishi, kupanga mtihani wa ndani usigongane na siku ya ushahidi, na kumtuma mwalimu mmoja wa kike aende naye. Nauli ya watu wawili hadi mahakama ya wilaya inaweza kutengwa kwenye bajeti ya shule, kama inavyotengwa ya kwenda kwenye michezo ya sekondari ya UMISSETA.